Shangazi wa Nyumba: Tuhamie Jirani na Stesheni?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa hapa Oregon, tunapanga Rockwood, upande wa Gresham, mwendo mfupi kutoka stesheni ya treni ya MAX. Kazi yangu iko kiwandani Hillsboro, upande wa pili kabisa wa reli. Naingia jioni, natoka usiku mkubwa. Mume wangu anafanya kazi uwanja wa ndege. Tumeona fleti mpya Orenco, mtaa wa hukohuko Hillsboro, ukifungua mlango unaiona treni. Kodi imezidi ya hapa kwa mbali, lakini nawaza tukihama tutauza gari moja. Mume anasema tunanunua maneno ya madalali. Tuhame? — Mama wa Watatu, Gresham*

Marahaba mwanangu. Mumeo ana hoja, ingawa naona ameitoa kwa hasira. Orenco naijua, nimewatafutia watu nyumba upande ule kwa miaka, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Reli ya magharibi, hii ya kutoka Portland hadi Hillsboro, ilifunguliwa Septemba 1998. Wakati huo ukishuka Orenco ulikuwa unashukia kwenye nyasi. Lakini wakubwa wa miji ile walikuwa wamefanya jambo la maana: kabla treni haijaanza kupita walishaweka sheria kwamba karibu na stesheni hakuna ruhusa ya kujenga nyumba chache zilizotawanyika. Ukijenga, jenga kwa kubanana, na njia za miguu ziwepo. Ndipo ukaota mji mdogo wa Orenco, maduka chini, watu wanaishi juu, vibaraza vinatazama barabarani. Hadi leo wanafunzi wa mipango miji wanapelekwa kuutembelea.

Sasa tazama maduka yenyewe yako wapi. Hayako stesheni. Yako barabara ya Cornell, kama mita 400 kaskazini, kwa sababu wenye maduka walitaka magari yanayopita pale. Abiria wa treni peke yao wasingewalipia pango. Kati ya maduka na reli pakabaki wazi miaka na miaka. Maghorofa hayo mliyoyaona, yaliyosogea mpaka kwenye jukwaa la treni, yamekuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Na watafiti waliowahoji wakazi wa mwanzo waliwakuta majirani wanajuana kwa majina, wanapanda treni zaidi kuliko walikotoka, lakini kazini wengi wao bado walikwenda kwa gari.

Kwa nini? Hapo ndipo pa kwako. Dalali anakupimia kutoka mlango wa fleti hadi reli. Wewe endelea kupima hadi kwenye mashine unayosimama. Viwanda vya Hillsboro vimekaa katikati ya viwanja vikubwa vya kuegesha magari, na kutoka stesheni hadi geti la mfanyakazi unaweza kutembea nusu saa, kando ya barabara pana, kwenye mvua ya Novemba. Halafu treni hailali nje usiku kucha. Baada ya usiku wa manane kuna saa kadhaa hakuna kitu kinachopita. Kama shifti yako inaisha saa nane au saa tisa usiku, reli ya mlangoni haikusaidii. Leo kabla hujalala chukua ratiba ya TriMet, shirika linaloendesha treni hizi, angalia treni ya mwisho, kisha toa muda wa kuvua ovaroli na kutembea hadi stesheni. Ukiikosa treni hiyo kwenye karatasi, gari haliuzwi.

Halafu baba watoto. Kutoka Rockwood anashuka Gateway, anabadili, anafika uwanja wa ndege hata saa nzima haijaisha. Ni kweli tangu Agosti 2024 ile Red Line ya uwanja wa ndege inafika hadi Hillsboro na inapita Orenco, hana haja ya kubadili. Lakini itamchukua zaidi ya saa moja kila upande, kwa sababu treni hizi zikifika mjini zinakuwa kama basi: zinajikokota juu ya Steel Bridge, daraja la mwaka 1912, kisha zinasimama kila baada ya mitaa michache. (Unajua kwa nini treni ya MAX haizidi mabehewa mawili? Mitaa ya katikati ya Portland ina urefu wa kama mita 60 tu. Behewa la tatu lingefunga njia panda.) Kwa hiyo safari ndefu unayoichoka wewe, mnampa yeye.

Sasa kodi, na hapa soma mara mbili. Mwaka 2019 Oregon ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka ukomo wa kupandisha kodi ya nyumba jimbo zima, na tangu 2023 nyongeza haitakiwi kuvuka asilimia 10 kwa mwaka. Lakini jengo ambalo halijatimiza miaka 15 halimo. Majengo mapya yamejaa wapi? Kando ya stesheni. Mkataba wa mwaka wa kwanza utakuwa mtamu, wengine wanakupa hata mwezi mmoja bure. Wa mwaka wa pili mwenye nyumba anaweza kuandika anachotaka. Muulize meneja: jengo hili liliruhusiwa kukaliwa mwaka gani? Akizungukazunguka, umeshajibiwa.

Uliza pia maegesho. Tangu Januari 2023 mji hauwezi kumlazimisha mjenzi aliye karibu na reli kuweka nafasi za magari. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, kwa sababu zege la maegesho lote hulipwa na mpangaji. Ila mwenye familia na gari moja lililobaki ajue kwamba nafasi yake huenda inalipiwa mbali na kodi, au haipo.

Wala usiidharau Rockwood. Treni ilifika huko Septemba 1986, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye barabara kuu ya Mount Hood iliyofutwa baada ya wananchi kuikataa. Hata hivyo, supamaketi kubwa ya Rockwood ilifungwa 2003, uwanja wake ukakaa mtupu miaka mingi, treni ikipita jirani kila siku. Mkajaa ninyi wageni, mkafungua viduka vyenu. Huko unapata sombe, unga wa muhogo, na jirani wa kumpokea mtoto akitoka shule. Orenco nani atampokea?

Ushauri wangu: hiyo fleti mpya iacheni. Kama lazima muhame, tafuteni jengo lililovuka miaka 15, kati ya Beaverton na Willow Creek, mahali Blue Line, hiyo ya Gresham hadi Hillsboro, na Red Line zote mbili zinapita; kila mmoja anabeba nusu ya adha. Na jiandikishe sasa hivi kwenye nyumba za mashirika yasiyotafuta faida. Palepale Orenco, hatua chache kutoka stesheni, kuna Orchards, iliyofunguliwa 2015 na fleti 57 kwa wenye kipato kidogo, imejengwa kwa namna ambayo bili ya kupasha joto ni ndogo mno. Zikifunga orodha ya kusubiri, uliza itafunguliwa lini, uandike kwenye kalenda.

*Shangazi, niko Beaverton. Nina kiploti Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ukitoka hapo unafika stesheni ya treni kwa miguu. Kaka yangu anataka tujenge maduka chini mbele yote na vyumba juu, anasema abiria ni wengi. Wewe waonaje? — Mwana wa Machakos*

Abiria ni wengi, ndiyo. Tangu stesheni ile ifunguliwe Novemba 2012 wanapita asubuhi wakikimbia na jioni wakiwa hoi. Katikati ya siku utamuuzia nani? Wewe mwenyewe umepita Beaverton Central, treni inakata katikati ya uwanja wa majengo, na bado mjenzi wa kwanza aliishiwa fedha, nguzo za zege zikabaki uchi mpaka akaja mwingine. Jengeni vyumba kwanza. Maduka yasizidi mawili, na yatazame barabara ya matatu na bodaboda, si upande wa reli: moja la mboga na mkate, jingine la M-Pesa.

Na kabla hujamtumia kaka hela ya msingi, niandikie tena unijibu: hati ya ploti iko kwa jina la nani?