Neno moja la Kiingereza lililonigharimu jicho, au karibu

Kazi ya uashi niliianzia Mji Mkongwe chini ya mjomba wangu, tukikarabati ukuta wa nyumba ya zamani. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Siku moja kililetwa kiroba cha chokaa mbichi, maandishi yote Kiingereza, na humo nikasoma "goggles". Kamusi yangu ya skuli ilikuwa na "goggle" tu: kukodoa macho. Nikaelewa tunaonywa tutazame vizuri.

Basi nikaimwagia maji, nikainama, nikakodoa. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe bila ya moto, na huruka. Tone likaniingia jicho la kulia. Mjomba hakuniuliza kitu. Alinilaza ubavu, akanifungua kope kwa vidole, akanimiminia maji ya mfereji ndoo baada ya ndoo, ndipo tukaenda hospitali. Jicho likapona, lakini wiki zile sizisahau.

Ndugu yangu, chokaa ikishaingia haiachi kuunguza mpaka ioshwe. Usifikiche. Osha pale pale, dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Na unapoizima, yaani unapoichanganya na maji, tia chokaa kwenye maji, kidogo kidogo, wala usiimwagie maji juu.

Nikirudi kwenye lile neno: "goggle" likiwa kitendo ni kukodoa macho, kama mtu aliyeshangaa. "Goggles" likiwa jina ni miwani ya kinga inayobana uso pande zote. Lina "s" kwa sababu vioo ni viwili, kama "trousers" kwa miguu ya suruali. Lakini "he goggles" nalo lina "s", na maana yake ni yule anakodoa. Kwa hiyo tazama maneno jirani. Kwenye kiroba changu lilifuatana na "gloves", yaani glovu, na hilo lingetosha kunionesha kuwa ni kitu cha kuvaa.

Miwani ya jua haitoshi, tone hupita pembeni. Wala ile ya kuogelea msiizamie mbali, nyie vijana wa Nungwi: haifuniki pua, hivyo huwezi kupuliza hewa ndani yake, na kina hukandamiza macho.

Kibarua mpya akija kwangu, namvalisha miwani kwanza, nahakikisha imembana, ndipo namkabidhi koleo.