Panga Matokeo ya Utafutaji Kama Mwuzaji Anavyopanga Kaunta

Mteja anayetafuta kipuri akiwa na simu mkononi huona bidhaa nne au tano tu kabla ya kulazimika kushuka chini ya ukurasa, na wengi hawashuki. Nililitambua jambo hili nilipoketi siku mbili nyuma ya kaunta ya duka moja la vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, ambalo nilikuwa nimelitengenezea tovuti yenye bidhaa zaidi ya elfu nne. Fundi mmoja aliingia akiomba pedi za breki za Vitz. Mwuzaji hakugeukia rafu mara moja, bali alimwuliza kwanza, "Fundi, ni Vitz ya zamani ama hii ya KSP90?" Alipojibiwa, aliweka vipakiti viwili juu ya kaunta, kimoja cha bei ya juu na kingine cha bei nafuu, akamwacha achague. Nilipoandika maneno yale yale katika tovuti yangu, nilirudishiwa bidhaa sitini na moja, na ya kwanza ilikuwa kifuniko cha usukani, kwa kuwa maelezo yake yalilitaja jina la Vitz mara sita.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba kupanga matokeo ni kazi ya kumjua anayetafuta kabla ya kuwa kazi ya hifadhidata, ile programu inayotunza rekodi za bidhaa. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na makosa niliyoyafanya mwenyewe, tena mengine katika tovuti ambayo watu walikuwa tayari wakiitegemea kwa riziki yao.

Nilianza kwa kuamini kwamba hifadhidata ina mpangilio wake wa asili. Kwa miezi kadhaa swali langu la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, halikuwa na ORDER BY, yaani amri ya kupanga, na bidhaa zilitoka kwa utaratibu wa kuingizwa kwake, zile za zamani zikitangulia, nikadhani ndivyo zitakavyotoka daima. Kisha niliongeza faharasa mpya, yaani orodha ya pembeni ya kutafutia, kwenye safu ya aina ya gari ili kuharakisha utafutaji, na asubuhi iliyofuata mwenye duka akanipigia simu akiuliza ni nani aliyevuruga orodha yake. Hakuna aliyeivuruga. Usipotaja mpangilio, hifadhidata iko huru kusoma rekodi kwa njia yoyote inayoiona kuwa ya haraka, na njia hiyo hubadilika faharasa ikiongezwa au data ikikua.

Bei nazo zilinitesa, ingawa tiba yake ni fupi. Mtu aliyenitangulia alikuwa amezihifadhi kama maandishi, kwa hiyo mteja aliyeomba bidhaa za bei nafuu kwanza alionyeshwa 1200, kisha 350, kisha 950, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi na 1 hutangulia 3. Hifadhi namba kama namba, na neno shilingi uliongeze wakati wa kuonyesha.

Jambo linalopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni bidhaa zinazolingana katika kile unachopangia, kama vile bei. Fundi mmoja alilalamika kwamba plagi ile ile ilionekana kwenye ukurasa wa kwanza na wa pili, ilhali nyingine aliyoiona dukani kwa macho yake haikuwepo popote. Nilidhani amekosea, mpaka nikajaribu mwenyewe. Nilikuwa nikipanga kwa bei na kugawa kurasa kwa LIMIT na OFFSET, yaani idadi ya kuonyesha na idadi ya kuruka, na plagi kumi na nne zilikuwa na bei moja. Kila ukurasa ni swali jipya, na hifadhidata haina wajibu wa kuzipanga zilizolingana kwa namna ile ile mara zote mbili. Tangu hapo kila ORDER BY ninayoiandika huishia na safu isiyojirudia, kwa kawaida kitambulisho cha rekodi, hata pale ambapo sioni haja yake.

Baada ya hayo ndipo nilipofikia swali lenyewe la umuhimu. Utafutaji wa maandishi wa MySQL, hifadhidata ninayoitumia, kupitia amri za MATCH na AGAINST, huipa kila rekodi alama, na katika jedwali za InnoDB, mfumo wa kuhifadhia data ndani ya MySQL, alama hiyo hutokana na wazo alilolichapisha mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones mwaka 1972, kwamba neno adimu lina uzito zaidi kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Wazo hili linafaa mno katika duka la vipuri: Toyota limo karibu katika kila rekodi na halimsaidii mtu, lakini alternata limo katika chache, na ndilo linalopaswa kuamua. Anayetumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ajue kwamba ts_rank, kipimo chake cha umuhimu, haizingatii uadimu wa neno katika jedwali zima. Badala yake hukuruhusu kuyapa maneno ya jina uzito zaidi kuliko ya maelezo kwa amri ya setweight, nayo ni nafuu kubwa. Mimi katika MySQL ililazimu niweke faharasa mbili tofauti, moja ya jina na moja ya maelezo, kisha nikazidisha alama ya jina mara tatu, na kile kifuniko cha usukani kikashuka mpaka mahali pake.

Hata hivyo alama peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasiharakishe. Namba za vipuri vya Toyota huandikwa tarakimu tano, kistari, kisha herufi au tarakimu nyingine tano, kama filta ya oili 90915-YZZE1. MySQL hukichukulia kistari kuwa mpaka wa maneno, kwa hiyo mteja aliyeandika namba kamili aliletewa kila filta inayoanza na 90915, naye aliyeiandika bila kistari hakupata chochote. Nilitengeneza safu ya pili yenye namba zilizoondolewa vistari na nafasi, na neno la mteja nikalisafisha vivyo hivyo kabla ya kulinganisha. Kisha nikayapanga matokeo kwa ngazi kupitia CASE, yaani masharti ya "ikiwa hivi, basi vile", ndani ya ORDER BY: namba inayolingana kabisa hutangulia, hufuata bidhaa ambazo jina lake lina maneno yote ya mteja, kisha zile zenye baadhi tu. Alama hutumika ndani ya ngazi, si juu yake. Katika kila ngazi kilichopo dukani hutangulia kilichokwisha, lakini namba kamili hubaki juu hata ikiwa imekwisha, kwa sababu fundi anayejua namba anataka kuambiwa ukweli kwamba haipo, hataki kupewa kitu kingine.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mzigo mwingine. Vifaa vya kukata maneno hadi shina lake vilitengenezwa kwa lugha ambazo hubadilisha mwisho wa neno, ilhali sisi hubadilisha mwanzo: chujio huwa machujio, kioo huwa vioo. PostgreSQL haiji na kamusi ya Kiswahili, na mipangilio inayofaa ni ile inayoitwa simple, isiyogusa umbo la neno. Tena, InnoDB huacha maneno yenye herufi chini ya tatu, kwa hiyo ya, za na na huondoka bila madhara, lakini kwa hubaki na kuhesabiwa. Nilichokifanya ni kuweka jedwali la visawe lenye maneno ambayo mafundi huyaandika kweli, na chanzo chake ni kumbukumbu ya utafutaji uliokosa jibu, ambayo mimi huisoma kila Ijumaa. Humo ndimo nilimokuta filta na chujio yakigombania bidhaa moja ambayo duka liliiandika kwa Kiingereza peke yake.

Usalama nitautaja kwa sentensi mbili. Jina la safu ya kupangia haliwezi kupitishwa kama thamani katika swali lililoandaliwa, lile ambalo maneno ya mteja huingizwa kama data tu wala si amri, na anayelichukua kutoka kwenye anwani ya ukurasa na kulibandika moja kwa moja amemfungulia mwizi mlango. Weka orodha ya majina yanayoruhusiwa ndani ya msimbo, na lisilokuwemo lipuuze.

Mwenye duka aliwahi kuniomba bidhaa zilizokaa rafuni muda mrefu zipandishwe juu ya matokeo. Nilimwelewa, maana pesa zake zilikuwa zimelala pale, lakini nilimkatalia kwa heshima na kumpa sehemu ya pembeni yenye kichwa kinachosema wazi kwamba ni bidhaa za ofa. Mteja akishaona kwamba orodha haimsikilizi, hurudi kwenye simu na kumpigia mwuzaji, na kazi yote ya tovuti inakuwa bure.

Kabla ya kubadilisha chochote sasa, mimi huendesha majaribio arobaini, kila moja likiwa ni maneno ambayo mteja aliyaandika na bidhaa ambayo mwuzaji wa kaunta aliniambia inapaswa kutangulia. Mwezi uliopita niliongeza taa kuwa kisawe cha taa kubwa za mbele, na jaribio la "taa ya nyuma ya Fielder" likaanguka papo hapo, kwa kuwa taa za mbele zilijaa nafasi nane za kwanza. Nilikifuta kisawe hicho, nikaandika "taa ya mbele" badala yake, nikayaendesha majaribio upya, na yote arobaini yakapita kabla duka halijafunguliwa saa mbili.