Usukani wa mkia kwenda kinyume? Uliwahi

Ndugu, umeuliza kama kweli usukani wa mkia wa ndege unaweza kwenda kushoto rubani amekanyaga kulia, na wenzako huko kijiweni Ndeeba wamekucheka. Wasikucheke. Iliwahi kutokea kwenye Boeing 737.

Mwaka 1991 moja ilianguka Colorado Springs, wakafa watu 25. Mwaka 1994 nyingine ikaanguka karibu na Pittsburgh, wakafa 132. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, wakahangaika miaka, maana vali ya usukani, kile kilango kinachoelekeza mafuta ya kuusukuma, ilipofunguliwa haikuwa na alama ya kukwama. Kilichowasaidia ni ndege ya Eastwind, 1996: ilivutwa upande vilevile, ila ikatua Richmond, na safari hii rubani alikuwa hai kueleza alichokisikia miguuni.

Hapo wakaigandisha mashine ya usukani kwa baridi kali, kisha wakaingiza mafuta ya haidroliki ya moto. Vali ile ina mirija miwili, mmoja unateleza ndani ya mwingine. Wa nje ukanasa, wa ndani ukapitiliza, mafuta yakashika njia isiyo yake. Kinyume! Baridi ikiisha vali inaachia, ushahidi huna. Fundi wa pawa stiringi za taksi zetu anaijua hasira hiyo: gari linasumbua barabarani, likifika gereji limetulia kama kondoo.

Ripoti ya Pittsburgh ilitoka 1999, na vali za 737 zikabadilishwa muundo.