Nimetoka sigara 20 hadi 4 kwa siku: je, mwili wangu umeshazoea?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41 na navuta sigara tangu nikiwa na miaka 22. Nilikuwa namaliza pakiti ya sigara 20 kila siku, lakini tangu mwaka jana nimeshuka hadi 4: moja nikishaamka, mbili baada ya kula na moja kabla ya kulala. Kwa hesabu yangu hatari imeshuka mara tano. Hivi karibuni nilijaribu kuacha kabisa. Wiki nzima nilikohoa makohozi kuliko wakati wowote, mikono ikawa inatetemeka na usingizi ukapotea, na sikubadilisha kitu kingine chochote. Hata kahawa nilikunywa vikombe vyangu vitano vya kila siku. Niliporudia sigara, kikohozi kikatulia. Je, inawezekana mwili umeshazoea moshi, na kuacha ndiko kunakonidhuru?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, mwili haujazoea. Mapafu yanaumia kimyakimya, na mengi uliyoyaona wiki ile yalikuwa dalili za mwili kuanza kujirekebisha. Nakupongeza kwa kushuka kutoka 20 hadi 4, maana aliyeweza hilo ana uwezo wa kumalizia. Ila hiyo hesabu ya mara tano naomba tuivunje kwanza, kwa sababu ndiyo inayokufanya ujione uko salama.

Kwa upande wa moyo, hatari haishuki kwa mgawanyo huo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141 kuhusu watu wanaovuta sigara chache. Mwanaume anayevuta sigara moja tu kwa siku alikutwa amebeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Wewe unavuta nne. Sababu ni kwamba ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, pamoja na chembe sahani zinazogandisha damu, huchokozeka kwa moshi kidogo tu. Mivuto michache inatosha kuifanya mishipa ikaze na damu iwe rahisi kuganda. Sigara zinazofuata huongeza madhara, lakini sehemu kubwa ya uharibifu huo imeshaanzishwa na zile za mwanzo. Ndiyo maana tunapokea wagonjwa wa mshtuko wa moyo wanaosema kwa dhati kabisa kwamba wao "hawavuti sana".

Halafu nina wasiwasi kama nne zako ni nne kweli. Mtu anapopunguza sigara, ubongo wake unaendelea kudai nikotini ileile uliyoizoea, na bila kujijua anaanza kuikamua kila sigara: anavuta kwa nguvu, anaubana moshi kifuani, haachii hadi kipisi kinakaribia kumuunguza vidole. Kesho asubuhi itazame ile ya kwanza ukishaizima. Angalia kichungi kimekolea rangi ya kahawia kiasi gani, na tumbaku iliyobaki mbele yake ni ndefu au imekwisha kabisa. Moshi huo unaingia na kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Matokeo yake moyo unasukuma damu iliyopungukiwa oksijeni, na wenyewe unalishwa na damu hiyohiyo.

Kuhusu saratani ya mapafu, kupunguza kunasaidia kiasi, lakini miaka ya kuvuta ina uzito mkubwa kuliko idadi ya sigara kwa siku. Wewe umeshafikisha miaka 19, na kila mwaka unaoongeza, hata kwa sigara 4, unahesabika.

Sasa tuje kwenye kikohozi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Njia za hewa zimetandikwa vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, ambavyo hupiga mawimbi muda wote kusukuma ute na uchafu kutoka mapafuni kuelekea kooni, kama ufagio usiopumzika. Moshi wa sigara hufanya vitu viwili kwa pamoja: unavipoozesha vinyweleo hivyo, na vingi huishia kufupika au kufa, kisha unazichochea tezi zimwage ute mwingi zaidi. Kwa hiyo mvutaji anakuwa na makohozi mengi na kifaa kibovu cha kuyatoa. Isitoshe, uvutaji wa muda mrefu hufifisha ile hisia ya kooni inayomwamrisha mtu akohoe.

Ulipoacha, vinyweleo vilivyosalia vikazinduka na vipya vikaanza kuota, hisia ya kukohoa ikarudi, na makohozi yaliyokuwa yamelala chini yakaanza kupanda. Ni kazi ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi michache. Wewe uliikatisha katika wiki ya kwanza. Kikohozi kilitulia uliporudia kwa sababu vinyweleo vilipoozeshwa upya, na yale makohozi bado unayo kifuani. Nasema haya kwa msisitizo kwa kuwa nimewaona wagonjwa wengi wakiichukua nafuu hiyo kama ushahidi kwamba sigara "inasafisha kifua".

Kutetemeka na kukosa usingizi kuna visababishi viwili. Kimoja ni arosto yenyewe. Nikotini hupungua haraka mwilini, kiwango chake katika damu kikishuka kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na ubongo uliozoea kupewa unalalamika: hasira za karibu, kutotulia, kukosa umakini, usingizi wa mang'amung'amu. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne.

Cha pili ni kahawa yako. Lami iliyo ndani ya moshi huliamsha ini lizalishe kwa wingi kimeng'enya kinachovunja kafeini, na ndiyo maana mvutaji hunywa vikombe vingi bila kuhangaika. Akiacha sigara, kimeng'enya hicho hupungua ndani ya siku chache, na kafeini ya vikombe vilevile huweza kufika karibu mara mbili katika damu. Wewe uliendelea na vitano. Sehemu ya ule mtetemeko na mkesho ilikuwa ya kahawa, sigara ikasingiziwa. Safari ijayo punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na usiinywe baada ya saa sita mchana. Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, mwambie daktari wako kabla hujaacha, kwa sababu dawa kama theofilini (ya pumu), klozapini na olanzapini (za magonjwa ya akili) na warfarini (ya kuzuia damu kuganda) huenda zikahitaji kupimwa upya kiwango chake.

Jinsi ya kumalizia? Zile 16 ulizoziacha zilikuwa nyepesi. Nne zilizobaki ndizo uraibu ulipojishikiza, hasa ya asubuhi. Mtu anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke ana uraibu mzito, hata kama kwa siku nzima anavuta chache, na kumwambia ajikaze tu ni kumwonea. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza dawa za kumsaidia mtu kuacha: nikotini ya tiba, vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri wa mtaalamu. Muulize mfamasia au daktari kipi kinapatikana. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Vareniklini kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na kuendelea kwa wiki 12.

Kwa hali yako ningependelea uanze na plasta ya nikotini ya ngozini pamoja na bazoka (chingamu) ya nikotini kwa zile nyakati nne ngumu; viwili kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kwa anayevuta sigara 10 au pungufu, plasta kwa kawaida huanzia miligramu 14. Bazoka watu wengi huikosea. Wanaitafuna mfululizo, nikotini inamezwa na mate, wanapata kichefuchefu na kwikwi, kisha wanasema dawa haifai. Itafune polepole hadi usikie ukali mdomoni, ibane kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha itafune tena, na endelea hivyo kwa nusu saa. Usinywe kahawa wala juisi dakika 15 kabla yake, maana uchachu huzuia nikotini isipite kwenye ngozi ya mdomo. Wala usiogope kwamba unahamisha uraibu. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini kinachomletea saratani na kuharibu mapafu yake kwa sehemu kubwa ni moshi, na ndani ya bazoka hakuna lami wala kaboni monoksaidi.

Uliogopa kwamba kuacha kunakudhuru, basi tazama upande wa pili. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yakachapishwa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta kamwe. Walioacha wakiwa na umri wa karibu miaka 40 waliokoa takriban miaka 9 kati ya hiyo. Walioacha karibu na 60 waliokoa kama 3. Wewe una 41. Ndani ya mwaka mmoja hivi wa kuacha kabisa, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu.

Kuna jambo moja ambalo maelezo yangu ya kikohozi yasikufanye ulipuuze. Kikohozi cha kuacha sigara hutoa makohozi na kinaendelea kupungua. Ukiona damu, hata mstari mwembamba tu, au ukapata homa na jasho jingi usiku, ukakonda bila sababu, sauti ikakwaruza zaidi ya wiki tatu au kifua kikauma, nenda hospitali bila kusubiri. Wavutaji hupata kifua kikuu zaidi ya wasiovuta, kwa hiyo omba upimwe makohozi na upigwe picha ya kifua. Na ukiulizwa unavuta sigara ngapi, usijibu "nne" ukanyamaza: mwambie daktari umevuta miaka 19, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa pakiti nzima kwa siku.