Diski nne kwenye seva, data ni moja: usilazimishe mkfs

SWALI: Mhandisi, seva yetu ya Linux imeunganishwa na hifadhi ya pamoja kwa nyaya za fiba. Tuliomba diski moja ya TB 2, lakini `lsblk` inaonyesha nne: sdb, sdc, sdd na sde, zote za TB 2, na chini ya kila moja kuna jina mpatha. Data yetu iko mpatha. Fundi tuliyemwita anasema hizo ni nakala nne za data ileile, kwa hiyo bekapu si lazima, na kwamba sdd tunaweza kuiwekea hifadhidata mpya. Alipojaribu `mkfs.ext4 /dev/sdd`, amri ya kuunda mfumo mpya wa faili juu ya diski, ilikataa, ikasema diski inatumika. Amenishauri niongeze -F (alama ya kulazimisha) mara mbili. Niendelee?

JIBU: Hapana. Na kama fundi huyo bado ana nywila ya root (msimamizi mkuu wa seva), ibadilishe leo kabla ya kazi nyingine yoyote.

Ujumbe ule wa kukataa ndio uliookoa data yenu. mkfs ilikuta sdd imeshikwa na mpatha, ikajizuia. -F moja haivunji kizuizi hicho, ndiyo maana anakwambia uweke mbili. Sharti la mbili liliwekwa makusudi, ili mtu asije akafuta diski inayotumika kwa kuteleza tu.

Huna diski nne. Una diski moja yenye milango minne. Mpangilio wa kawaida ni bandari mbili za fiba upande wa seva na vidhibiti viwili upande wa hifadhi. Mbili mara mbili ni njia nne, na Linux huipa kila njia jina lake kana kwamba imeona diski mpya. Mfumo wa njia nyingi huzikusanya njia hizo chini ya jina moja, ili kebo ikikatika au kidhibiti kikizimika, kazi iendelee kupitia njia iliyobaki. Hakuna kinachonakiliwa. Ulichoandika kupitia sdb ndicho utakachokisoma kupitia sde, na ukikifuta kupitia sdd kimefutika kote.

Hakikisha kwa macho yako. Andika `multipath -ll`. Utaona mpatha, na pembeni yake utambulisho mrefu wa herufi na tarakimu, unaoitwa WWID. Chini yake zimepangwa sdb, sdc, sdd na sde. Utambulisho ni mmoja kwa sababu diski ni moja. Ukubwa haukuambii lolote, na majina ya sd hayategemeki, maana yanaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. WWID ndiyo ya kuitazama.

Kinachoniudhi katika ushauri wa aina hii ni kwamba mara nyingi hauleti kelele siku hiyohiyo. Linux hutunza kumbukumbu ya muda kwa kila jina la diski peke yake. Ukiandika kupitia sdd huku mfumo wa faili uko hai juu ya mpatha, upande mmoja haujui mwingine umefanya nini. Watumiaji wanaendelea kufungua faili zilizoko kwenye kumbukumbu, kila mtu anaona mambo shwari, kumbe chini tayari pameharibika. Seva ikija kuzimwa na kuwashwa ndipo kilio kinaanza, na fundi ameshalipwa na kwenda zake.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo LVM, programu ya Linux ya kugawa na kupanga nafasi ya diski, ilikuwa ikilalamika kwamba inaona diski ileile mara kadhaa. Lile onyo lilikuwa linasema kweli: kichujio cha LVM hakikuwekwa sawa, hivyo ilikuwa inachungulia njia badala ya mpatha. Mtu akaona dawa ni kufuta "nakala ya ziada". Akaandika sifuri kwenye mebibaiti ya kwanza ya sdc kwa `dd`, ambayo haiulizi wala haikatai. Lebo ya LVM ikatoweka kwenye njia zote nne kwa mpigo. Tulipona kwa sababu mbili tu: LVM kwa kawaida huanza kuweka data baada ya mebibaiti hiyo ya kwanza, na maelezo ya mpangilio wake yalikuwa bado yamo `/etc/lvm/archive`, kwenye diski ya ndani ya seva. Tukarudisha kwa `pvcreate` yenye UUID (utambulisho wa LVM) ya zamani, kisha `vgcfgrestore`. Angeandika mebibaiti kumi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kwa hiyo bekapu ni lazima, tena nje ya hifadhi hiyo, na uijaribu kwa kurejesha faili halisi. Hifadhidata mpya iombewe LUN yake, yaani diski yake kutoka hifadhi ya pamoja, na uikague WWID kabla ya kuigusa.

Kuna na wale wanaonakili mipangilio ya watu wengine kwenye `/etc/multipath.conf`, faili la mipangilio ya njia nyingi. Wanaweka `no_path_retry queue` (njia zikikosekana, maombi yakae foleni), njia zote zinakatika, programu zinasubiri bila mwisho, mtu anadhani seva imeganda na anaizima kwa kitufe. Yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yakingoja kuandikwa yanapotea. Ukiweka namba badala ya queue, kwa mfano 12, na ukaguzi ni kila sekunde 5, itasubiri kama dakika moja kisha irudishe hitilafu. Wengine hupandisha LUN moja ya ext4 kwenye seva mbili kwa pamoja wakidhani njia nyingi zitapatanisha. Hazipatanishi, kazi hiyo inataka mfumo wa faili wa klasta, yaani wa seva nyingi kwa pamoja, kama GFS2.

Na siku ya kuondoa LUN, anza upande wa seva: shusha mfumo wa faili, ondoa LVM iliyo juu yake, `multipath -f` kwa jina la diski ili kuondoa jina hilo la pamoja, kisha iambie Linux iondoe kila njia kupitia `/sys/block`. Hapo ndipo mwenye hifadhi aikate. Akiikata kwanza na njia za zamani zikabaki, kisha akaigawia seva yako LUN nyingine kwa namba ileile, seva inaweza kuandika kwenye diski mpya ikidhani ni ile ya zamani.