Ukanda wa njano kwenye kopo haukuniambia habari ya mtoto

Daktari wa zamu aliniuliza swali moja, nami sikuwa na jibu. "Mama, hiyo dawa mliyopulizia inaitwaje?"

Mwanangu alikuwa mapajani mwangu, wa mwaka mmoja na miezi minne. Udenda ulikuwa unamtoka bila kukoma, jasho limemlowesha nguo, na mboni za macho yake zimesinyaa hadi zinakaribia tundu la sindano. Nikajibu ni dawa ya mchwa. Daktari akasema dawa za mchwa ziko nyingi, ni ipi? Nikamwambia ile ambayo ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yangu yote kuhusu kitu nilichokuwa nimekimwaga pembezoni mwa kuta za vyumba vyangu siku moja kabla.

Dalili zilimtosha daktari. Alimchoma mtoto sindano za atropini, dawa inayopambana na sumu ya aina hiyo, tukalala hospitali siku mbili, na kwa rehema za Mungu mtoto yuko darasa la tatu sasa. Lakini lile swali halijaniacha, na naandika haya kwa sababu bado naona majirani zangu wakifanya vile vile nilivyofanya mimi.

Sisi tunafuga ng'ombe watatu wa maziwa, chini kidogo ya Mlima Meru. Mwaka ule viwavijeshi walivamia majani yetu. Anayefuga anajua jinsi ilivyo: jana kipande ni kijani, leo yamebaki mabua, na ng'ombe wanalia bandani. Mume wangu alikwenda duka la pembejeo, akapimiwa dawa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, hakuna kibandiko, hakuna maelezo zaidi ya "vifuniko viwili kwa bomba". Tukapulizia majani. Dawa ikabaki. Nyumbani tulikuwa na mchwa wanaopanda kwenye fremu za milango, na mende jikoni. Nikaona haifai kutupa dawa tuliyoilipia. Nikachanganya iliyobaki nikapulizia ndani, nikafunga milango ili ifanye kazi vizuri, jioni tukarudi tukalala humo.

Baada ya kutoka hospitali mume wangu alirudi dukani, akaomba kuona kopo kubwa walilotupimia. Alilipiga picha. Ni klopirifosi. Ukiitafuta kwenye kopo utaikuta imeandikwa kwa Kiingereza, neno refu linaloanza na herufi c, h, l, o, r, p, kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Na chini kabisa kulikuwa na ukanda wa rangi ya njano.

Nataka nikae kidogo kwenye ukanda huo, kwa sababu ndio unaotudanganya wengi. Tumefundishwa na mabwana shamba, na wamefundisha sawasawa, kwamba nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni kali, bluu ni ya wastani, kijani ina nafuu. Kwa hiyo mtu akiona njano anajisemea, si nyekundu, tukiwa waangalifu kidogo hakuna neno. Lakini rangi hizo zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yanapangwa zaidi kwa kuangalia ni kiasi gani cha dawa, kikitolewa mara moja, kinaua nusu ya panya wa maabara. Klopirifosi iko daraja la II. Ukanda unajibu swali la mtu atakayekunywa dawa leo. Haujibu swali la mama mjamzito anayeivuta hewani kila siku, wala la mtoto anayetambaa kwenye sakafu iliyopuliziwa kisha anatia vidole mdomoni.

Swali hilo la pili ndilo serikali za nchi kadhaa zimekuwa zikilihangaikia kwa miaka mingi. Dawa hii ni ya jamii ya organofosfeti. Inamuua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya, yaani protini ya mwilini, kinachozima ishara za neva, kiitwacho asetilikolinesterasi. Kisipofanya kazi, neva zinabaki zimewaka, misuli inatetemeka, mate na jasho vinatoka, pumzi inakuwa ngumu. Kimeng'enya hicho tunacho na sisi, na ng'ombe, na samaki wa mtoni. Hilo lilijulikana tangu mwanzo. Kilichochelewa kujulikana ni kwamba ubongo unaojengwa, wa mtoto wa tumboni na mchanga, unaweza kudhurika kwa kiasi kidogo ambacho hakimfanyi mtu mzima hata aumwe kichwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifuatilia akina mama wa New York, wa kaskazini mwa Manhattan na South Bronx, waliokuwa wajawazito miaka ambayo klopirifosi bado ilikuwa ikipuliziwa majumbani humo kuua mende. Walipima dawa hiyo kwenye damu ya kitovu watoto walipozaliwa. Watoto hao walipofika miaka 7, wale waliozaliwa na kiwango kikubwa walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili na vya kumbukumbu. Watengenezaji waliubishia utafiti huo, na wanasayansi walijadiliana juu yake miaka mingi. Mimi nilipousoma sikuwaza mjadala. Niliwaza wale akina mama, kwamba walipulizia kwa sababu ile ile yangu: wadudu jikoni.

Sasa angalia mamlaka zilivyofanya, maana kuna jambo ndani yake la kumsaidia mtu wa Usa River au Eldoret. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikubaliana na watengenezaji kuondoa karibu matumizi yote ya nyumbani. Vilivyobaki ni kama chambo cha mende na sisimizi ndani ya vikasha ambavyo mtoto hawezi kufungua. Mashambani dawa iliendelea, na hapo ndipo mvutano ulipoanza. Mwaka 2007 mashirika ya mazingira yaliomba ipigwe marufuku kwenye chakula. Mwaka 2017 serikali ikakataa. Mwaka 2021, baada ya amri ya mahakama, ikaizuia. Mwaka 2023 mahakama nyingine ikatengua zuio hilo. Mwaka 2024 likaja pendekezo la kuiruhusu kwenye mazao 11 tu.

Australia, nchi ya kondoo na ng'ombe ambako wafugaji waliitegemea dawa hii dhidi ya wadudu wa malisho, ilianza kuichunguza upya mwaka 1996. Ilipofika 2019 ikaondoa matumizi ya majumbani na bustani za nyumbani. Uamuzi wa mwisho, ulioondoa sehemu kubwa ya matumizi yaliyobaki, ulitoka 2024. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Ulaya walikata shauri haraka zaidi. Wataalamu wao wa usalama wa chakula walisema mwaka 2019 kwamba hawawezi kuweka kiwango chochote cha kuiita salama, na Januari 2020 ruhusa ikaisha. Kisha mwaka 2025, kwenye mkutano wa Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kukomesha kemikali zenye sumu zisizooza upesi, ziliiweka klopirifosi kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa, ingawa matumizi kadhaa yalipewa msamaha wa muda.

Umeona mpangilio? Kuhusu shamba walibishana, wakaenda mahakamani, wakarudi. Kuhusu ndani ya nyumba, Marekani na Australia zote mbili zilianza kuitoa huko, miaka mingi kabla ya kumaliza habari ya mashamba. Kwa hiyo mtu akikuambia "serikali bado wanaichunguza, kwa hiyo bado ni salama", mwambie uchunguzi unaweza kuchukua umri wa mtu kutoka kuzaliwa hadi kuoa, na kwamba neno "inachunguzwa" maana yake kuna mtu mwenye elimu aliyeona sababu ya kutia shaka. Mimi nimeamua kwamba dawa ikishaondolewa majumbani nchi nyingine kwa sababu ya watoto, nyumbani kwangu imeshaondolewa. Sisubiri tangazo.

Sisemi hivyo kudharau mamlaka zetu. Tanzania tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake Arusha. Kenya wana PCPB, bodi yao ya kudhibiti viuatilifu. Kazi ya kusajili wanaifanya, na usajili una maana kuliko tunavyodhani: kiuatilifu kinasajiliwa kwa matumizi yaliyotajwa, kwa mdudu fulani, kwa zao fulani, kwa kipimo fulani. Kopo lililosajiliwa kwa viwavi vya shambani halijawahi kukaguliwa na mtu yeyote kwa ajili ya chumba unacholala. Mimi ndiye niliyelihamisha kutoka shamba kwenda chumbani. Na dawa inayopimwa kwenye chupa ya maji imepoteza usajili wake wote pale pale, kwa sababu hujui ni nini, ya lini, wala imechanganywa na nini.

Basi ninavyofanya siku hizi ni hivi. Sinunui dawa ya kupimiwa, hata muuzaji awe shemeji yangu. Kopo dogo lenye kibandiko likiwa ghali, tunachangiana majirani wawili watatu tunanunua moja, tunagawana kazi siku hiyo hiyo ili lisibaki. Kabla ya kulipa natafuta kiambato amilifu, yaani kile chenyewe kinachoua, siangalii jina la biashara, kwa sababu majina ya biashara hubadilika na kiambato ni kile kile. Kisha napiga picha kibandiko chote, mbele na nyuma. Picha hizo ziko kwenye simu yangu na ya mume wangu. Siku daktari akiniuliza tena, nitamwonyesha.

Kwenye majani, tunapita asubuhi na jioni mvua zinapoanza, tunafunua chini ya majani. Viwavi wakiwa wadogo, wa kijani, bado una nafasi: tunakata majani mapema tukawalisha ng'ombe kabla hawajamaliza wao, na kuku tunawaachia waingie. Wakizidi tunamwita afisa ugani atuambie dawa ipi, na hapo tunauliza jambo ambalo wafugaji wengi hatuliulizi: ng'ombe asile majani haya kwa siku ngapi? Idadi hiyo huwa kwenye kibandiko. Kama haipo, dawa hiyo si ya malisho, na maziwa tunayowapelekea watoto wa watu ni dhamana.

Kwa mchwa wa nyumbani, fundi mmoja mzee alinifundisha kazi kuliko dawa. Tulichimba kichuguu nyuma ya choo hadi kwa malkia. Kuni zilizokuwa zimeegemea ukuta tukazihamishia mbali. Bomba lililokuwa linavuja likatengenezwa, kwa sababu mchwa wanafuata unyevu. Kila Jumamosi nabomoa vile vijia vyao vya udongo vinavyopanda ukutani, na nikiona kipya najua wanatokea wapi. Mende nawanyima chakula usiku, na naweka chambo ndani ya kikasha nyuma ya kabati, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Na kama mtu tayari amepata sumu: mtoe hapo, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, vaa glavu au mifuko mikononi kama unazo. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali na uchukue kopo, hata kama ni tupu, hata kama linanuka.

Ile chupa yetu ya maji bado ilikuwa na vidole viwili vya dawa tuliporudi nyumbani. Nilitaka kuimwaga kwenye mfereji. Bwana shamba alinizuia, akasema mfereji huo unapita kwenye mabwawa ya samaki ya wenzetu huko chini na dawa hii inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Akaichukua mwenyewe, lakini kwanza alichukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya ile chupa kwa herufi kubwa jina ambalo daktari alikuwa ameniuliza.