Mdogo wangu wa Goma, achana na hiyo WAV (jibu la podikasti ya hoki)

Simama kwanza. Usimpe huyo bwana wa studio hata franka moja. Umeandika unataka podikasti ya hoki ya barafu kwa Kiswahili, epizodi za dakika 90, na yeye amekuambia utume WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ili watu wakuone profesheno. Umeuliza pia mikro gani, jina gani, utampata wapi mtu wa kuongea naye, na kama ufuate mechi moja kwa moja, lakini nilipofika kwenye WAV na dakika 90 tumbo ilianza kuniuma, maana bwana kama huyo alinila mimi hapa Bukavu mwaka 2022. Labda ni yuleyule, boti za Goma na Bukavu si zinapita kila siku.

Epizodi yangu ya kwanza ilikuwa juu ya Willie O'Ree, mchezaji Mweusi wa kwanza kwenye NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Amerika Kaskazini. Tarehe 18 Januari 1958, timu yake Boston Bruins wako kwa wenyewe Montreal, wanashinda 3-0, na O'Ree anacheza jicho lake la kulia karibu halioni kabisa, na amewaficha! Habari kama hiyo hata mama anayeuza ndizi Nyawera anakaa anasikiliza. Mimi nikaiharibu. Dakika 90, WAV, stereo (sauti ya njia mbili), karibu mega 950. WAV inakula kama mega 10 kila dakika, hesabu ya mtoto, lakini MP3, faili lililobanwa likawa dogo, yule bwana alisema "ni ya wanafunzi". Dola 60 nikamlipa, na asante nikamwambia.

Nikaanza kuipandisha kwenye tovuti ya podikasti usiku, na forfe ya mega ya mwezi mzima. Ikafika 83%, umeme ukaenda, modemu ikazima, kurudi zero. Usiku wa pili ikafika 60 na kitu, mvua ikaja na mambo yake. Usiku wa tatu ikaingia, asubuhi forfe imekufa, tarehe bado 4, na ile tovuti, sikia vizuri, IKAIGEUZA IKAWA MP3. Makuta yote nilichoma ili mashine ya watu ifanye kazi ambayo kompyuta yangu ingefanya dakika mbili bure.

Na hapo bado. Hiyo MP3 yenyewe ilikuwa mega 86, na huku kwetu mtu ananunua mega za siku, anazihesabu kama chumvi. Shemeji yangu wa Bagira alikuwa na mega 40, akafungua kwa heshima ya familia tu, zikaisha O'Ree hajakanyaga hata barafu, maana dakika zote hizo mimi nilikuwa naelezea vile paki, kile kidude cha mpira wanachopiga, wanakigandisha kabla ya mechi. Mpaka leo kwenye ndoa na matanga ananiita "Mega". Nilipata wasikilizaji 11, watatu ni mimi.

Njo maana nakuambia: odio ISIPITE MEGA 15. Weka mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo inakula karibu nusu mega kwa dakika, nusu saa unabaki na mega 14 na kitu. Mtu mmoja anaongea, stereo ya nini, kwani wewe ni kwaya? Ile ya O'Ree niliikata mpaka dakika 22, ikawa mega 10 na nusu, nikaitupa WhatsApp ya familia, wiki mbili baadaye mwenye pikipiki Kadutu ananisimulia mimi habari ya O'Ree, hajui sauti ni yangu. Alikuwa amemuongezea na mguu wa mbao. Nilinyamaza, nikalipa, nikashuka.

Mikro ni telefone yako, ingia nayo kwenye kabati ya nguo, nguo zinameza mwangwi. Mechi moja kwa moja sahau, Montreal wakianza saa moja jioni, kwa baridi yao hapa kwetu ni saa nane usiku, na kesho yake una kazi.

Na atakayekuja hapa chini kuandika "lakini kwaliti" kwanza amrudishie shemeji mega zake.

Ukimaliza nitumie nisikie. Lakini angalia uzito kwanza, nimebaki na mega 60 mpaka Jumapili.